Maneno Manne ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa. Alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, chenye dirisha la vioo vya mawimbi, hata wapita njia wakaonekana kama wanaogelea. Mbele yake palikuwa na ubao wa swichi wenye taa ndogo za njano. Taa ikiwaka, anachomeka waya na kusema kwa Kiingereza, "Hold the line, please," yaani subiri hapohapo kwenye simu. Kisha anamtafuta daktari anayetakiwa.

Alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Maneno yale aliyatandaza taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. Baba mkubwa, fundi viatu, alinaswa hapo. Alipiga kumuulizia mama yake aliyelazwa, akapiga tena kesho yake, na bado akawa anapiga hata baada ya mama mtu kuruhusiwa.

"Mgonjwa wako alishaondoka," mama mkubwa akamwambia.

"Najua. Nimebaki mimi."

Wakaoana.

Msemo ule uliambukiza hospitali nzima. Ukimwomba mpishi chai, "Holdi laini." Ukimdai dobi shuka, "Holdi laini, plizi." Mwenyewe wakambatiza Laini, na jina likamfuata hadi mtaani.

Mwaka mmoja wauguzi waligoma. Asubuhi alipofika kazini aliukuta msemo wake langoni, umeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mabango, bila ile "please". Gazeti la Kiingereza nalo likauweka juu ya ukurasa wa kwanza. Muuguzi mmoja akamfafanulia kwamba ukiandikwa hivyo una sura nyingine: simameni imara, msirudi nyuma, kama askari mstarini.

"Kumbe miaka yote hii nawaamuru watu wapigane," alisema, akacheka hadi akajifuta machozi.

Jioni ile alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, akiutamka kimoyomoyo kwa maana hii, kisha kwa ile, kama mtu aliyegundua mlango wa pili kwenye chumba alicholala siku zote.

Kiharusi kilimkuta miaka mingi baadaye, akianika nguo. Alipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa mzito, na maneno yote yalikuwa yamemtoka. Mama yangu akamwinamia kitandani.

"Dada, unanijua?"

"Hold the line, please," akajibu, kwa sauti ileile ya zamani.

Mama akatoka nje kulia. Daktari alituambia mambo hayo hutokea: maneno yaliyosemwa mno hujichimbia mahali pake kichwani, na ugonjwa ukayapita.

Baba mkubwa alifunga kibanda chake, akahamishia nyundo na kalibu za viatu sebuleni. Hakuulizia maneno mengine. Aliyasikiliza haya yaliyobaki, na kidogo kidogo akayajua. Yakishuka mwishoni, anataka maji. Yakipanda, hataki. Yakitamkwa upesi, kuna mtu mlangoni. Mchana nikiwatembelea niliwakuta wakipiga soga, pazia likivuta pumzi dirishani, mume akisema Kiswahili chake, mke Kiingereza cha maneno manne, na hakuna aliyeonekana kupungukiwa.

"Anasema umekonda," baba mkubwa akanifasiria siku moja.

Nikamtazama mama mkubwa nikidhani natiwa changa la macho. Akaitikia kwa kichwa.

Mtaalamu aliyekuja kumzoeza kuongea alitaka tumkataze msemo ule, eti unaziba njia. Baba mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Usimnyang'anye mkongojo, bwana. Ngoja kwanza atembee."

Maneno yalirudi kwa kunyata, kama paka waliofukuzwa. Lilianza "chumvi". Likafuata "mto". Yalikuja akiwa nusu usingizini, na alipoamka vizuri yalikuwa yameshatoweka, naye akabaki anatazama dari akiyatafuta bila haraka.

Alasiri moja nilikuwapo. Baba mkubwa alikuwa anagonga kisigino, mama mkubwa amejilaza kwenye kochi, amefumba macho.

"Mzee," akasema, "kelele hizo zimenichosha."

Nyundo ikasimama hewani. Baba mkubwa akaishusha juu ya zulia, polepole, akasogeza kigoda hadi karibu na kochi.

"Rudia, mama," akanong'ona.

Lakini mama mkubwa alikuwa ameshageukia ukutani, amepata utulivu aliouomba, na usingizi ulikuwa umemchukua.