Otojiro ya Kasulo

Watu wakiniuliza mdogo wangu alikufa na nini, nasema alikufa na shimo. Wanadhani alikuwa mchimbaji, wanatikisa kichwa, wanaendelea na njia yao. Hapa Kasulo, mtaa wa wachimbaji, kifo cha shimo hakimshangazi mtu. Mi nakasirika, nawarudisha: hapana, sikieni vizuri. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha ndege aliyoitengeneza mwenyewe.

Alikuwa fundi wa pikipiki kule Musonoi, kazi yake kufufua moteri za taxi-moto ambazo wenzake walishazikataa. Babu yetu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, baba naye akaingia mgodini, na huyu mdogo akaapa kwamba yeye hatashuka chini ya ardhi. "Yaya, bote balienda chini," aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Mi nitaenda juu." Nilicheka mpaka mandazi yakaungua. Nilikuwa nauza mandazi mbele ya nyumba yetu, na yeye alikuwa anayala kuliko wateja.

Halafu akaona kwenye telefone video ya vyombo vya kuruka vya zamani vya Uingereza. Mama yangu! Tangu siku hiyo hatukupumzika. Asubuhi Uingereza, jioni Uingereza. Alinieleza jinsi Waingereza walivyohangaika na helikopta zao za mwanzo. Moja waliijaribu kwanza ndani ya hangari, inanyanyuka kidogo chini ya paa. Walipoitoa nje, mwishowe ikaanguka, na wakubwa wakaiacha. Kisha akafika kwao Mhispania mmoja na chombo chake, otojiro. Ile ina feni ya kuivuta kama ndege, lakini mabawa yake marefu ya juu hayana moteri. Ni upepo tu unayazungusha, chombo kikikimbia. Moteri ikizimika hewani, mabawa yanaendelea kuzunguka na chombo kinashuka taratibu.

"Za kwanza zilipinduka," alisema, akinyakua sahani yangu ili anionyeshe. "Bawa linaloenda mbele linakamata upepo mwingi, linalorudi nyuma linakamata kidogo. Basi inalala upande. Yule bwana akatia bawaba kwenye shina la kila bawa, lipande na lishuke lenyewe. Bawaba, yaya! Kama ya mlango!"

"Na huyo bwana wa bawaba alikufa na nini?"

Aliiweka sahani chini. "Alikuwa abiria kwenye ndege ya kawaida. Kulikuwa na ukungu, ikaanguka ikiondoka."

"Unaona?"

"Naona nini? Hakuwa kwenye otojiro."

Akaanza kuijenga uani: mabomba ya maji, kiti cha plastiki kilichokatwa miguu, moteri ya pikipiki ya magurudumu matatu, feni nyuma ya kiti. Mabawa aliyachonga kwa mbao na kuyafunika kwa bati jembamba. Majirani walikuja kumcheka, na mi nilicheka nao. Lakini siku moja ya kiangazi upepo ulivuma kwa nguvu uani, na mabawa yale yakaanza kuzunguka yenyewe, moteri imezimwa. Nilisimama na unga mikononi. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku zote, na sikumwambia.

Shida ilikuwa mahali pa kuikimbizia. Otojiro hainyanyuki pale iliposimama, inataka barabara. Nje ya mji kila uwanja ni wa kampuni za mgodi, una ukuta na walinzi. Ilibaki barabara ya udongo mbele ya nyumba yetu, iliyonyooka na pana kidogo.

Alijua anaishi wapi, hakuwa mjinga. Kasulo watu wanachimba ndani ya parseli zao, viwanja vya nyumba zao, chini ya saluni, chini ya kitanda, na njia ya chini inafuata mawe ya kobalti tu, haiulizi mpaka. Basi akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza, nami nikamsindikiza. Tulimalizia kwa jirani wa mbele, mzee wa Kasai kama sisi, aliyebeba jeneza la baba yetu. Nyuma yake tuliona turubai la rangi ya machungwa la kufunika shimo, na magunia yamepangwa.

"Tata, chini ya barabara kuko shimo?" mdogo wangu akamuuliza.

"Hakuna, mwanangu. Mi nachimba upande wa nyuma." Akaelekeza kwa kidevu.

Wote walijibu hivyo. Hakuna, hakuna, hakuna. Hapa mtu hasemi mawe yake yanaelekea wapi, hata kwa mke wake. Akisema leo, kesho mwenzake anachimba kumkingia mbele.

"Unawaamini?" nilimuuliza tukirudi.

"Ni batu betu, yaya. Hawawezi kuniacha nife."

Alikimbiza otojiro siku ya Jumapili baada ya kanisa. Watu walijaa pande zote mbili, wamevaa vizuri, wanapiga kelele. Mabawa yalishika upepo. Gurudumu la mbele likanyanyuka, kisha nikaona mwanga chini ya mojawapo ya magurudumu ya nyuma, naapa niliuona. Nikapiga kelele, "Nenda! Nenda!" Lile jingine lilikuwa bado linagusa udongo, na mbele ya nyumba ya yule mzee udongo ukafunguka. Otojiro ikaingia kinyumenyume, mabawa yakapiga ukingo. Tulimtoa kati ya miti ya kuegemeza shimo na ndala za mtu. Alifia kwenye korido ya hospitali, ameshika kitambaa changu.

Mzee yule alikuja kilioni. Alikaa karibu nami, akasema ni mapenzi ya Mungu.

"Tata, mutoto alikuuliza," nilisema.

Aliangalia mikono yake. "Aliniuliza."

"Na ukasema nini?"

"We ungesema nini, mama?"

Nilimwambia atoke. Nilipiga kelele mpaka akina mama wakanishika. Hakuna hata mtu mmoja aliyemtazama yeye kwa ubaya. Walinitazama mimi.

Kilio hakijaisha, turubai likatandazwa barabarani juu ya shimo lile. Nilikwenda kuangalia. Walikuwa wameliegemeza juu ya bawa la mdogo wangu, lile ambalo halikuvunjika. Bawaba yake ilikuwa bado na grisi aliyoipaka mwenyewe. Nikalisukuma bawa kwa kidole, likapanda, likashuka, kama alivyonionyesha na sahani.

Chini kule nyundo za wachimbaji zikanyamaza. Sauti ikapanda kutoka shimoni: "Nani uko juu?"

"Hakuna," nilijibu.