Vumbi la Mabomu na Majani ya Ngitili

Juzi nilikwenda ofisi ya kijiji kuulizia mbegu za pamba, nikamkuta bwana mmoja wa maabara, mgeni kutoka mjini, na chupa zake. Alitueleza sisi tuliokuwa pale kwamba wakubwa wa dunia wanalipua mabomu ya atomiki angani huko mbali, vumbi lake la sumu linasafiri na mawingu, linashuka na mvua kwenye majani, ng'ombe anakula, mtoto anakunywa. Basi anataka maziwa akapime.

Mwenyekiti, ambaye hapendi kutembea, akamwonyesha ng'ombe wake aliyefungwa nyuma ya ofisi.

Jirani yangu, anayelea mjukuu yatima kwa maziwa, akamshika mgeni mkono. "Huyo anakula mashudu ya ghalani, mwanangu. Mvua ameionea wapi?"

"Sasa nipime wapi, mama?"

"Twende ngitili. Malisho yale ya akiba tuliyafunga mvua ya kwanza iliponyesha, tumeyafungua juzi tu. Vumbi lako kama lipo, limelala pale. Na ng'ombe wangu ndipo anapolishwa."

Mwenyekiti akafoka, "Maziwa yakikutwa na sumu utatutia aibu, mama!"

"Aibu ni kumnywesha mtoto nisichokijua."

Mtaalamu akakusanya chupa zake, akamfuata kama ndama.

Majibu hayajaja, na yakija tutayasikia hata yakiwa machungu. Ila waliolipua wamesoma mpaka wakachoka, na njia ya vumbi lao imeonyeshwa na mwanamke aliyeishia darasa la pili, tuliyeketi naye dawati moja. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Mbegu nilizisahau.