Ushauri wa Bibi Mapanki

Pale mtaani Pasiansi, kando ya ziwa, mtoto akitumwa mapanki kwa Selina, alijua fika kwamba hakutumwa mapanki. Mapanki yalikuwa kila kona. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, viwanda vya samaki viliota ufukweni kimoja baada ya kingine, minofu ya sangara ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wenye ziwa tukaachiwa kichwa, mgongo na mkia. Hayo ndiyo mapanki, na usiyadharau, yamesomesha watu. Kila mtaa ulikuwa na mama na karai lake la mafuta. Lakini mzazi aliyeshindwa na mtoto alimtuma kwa Selina tu.

Selina alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mpaka walipopunguzwa, akarudi nyumbani, akanunua karai. Malezi hakuyasomea popote. Alikuwa na umri wa kuitwa bibi, basi, na hilo ndilo lililotakiwa. Kwetu Wasukuma, na si sisi peke yetu, mzazi hakai na mwanawe kuzungumza mambo ya ndani. Hiyo kazi ni ya bibi, tena kwa utani. Mvulana anamwita mume wangu, msichana anamwita mke mwenzangu, na ndani ya utani huo hakuna kisichosemeka. Sasa mjini bibi atoke wapi? Bibi kabaki kijijini Magu na ng'ombe wake. Basi watu wakamchukua Selina, wakamfanya bibi wa mtaa mzima, na watoto wakampa jina la Bibi Mapanki.

Hakuwauliza watoto maswali. Mtoto akifika alipewa kazi: aoshe vichwa, au ageuze vipande kwenye mafuta. "Ukimtazama machoni anafunga mdomo," aliwaambia wazazi. "Mpe kazi ya mikono, wewe angalia karai lako." Na kweli, haukupita muda mtoto angeanza: kuna rafiki yangu mmoja. Huyo rafiki ndiye aliyekuwa na matatizo yote ya Pasiansi. Selina alimpa huyo rafiki ushauri wake wote, wala hakucheka.

Kwa wazazi ndiko alikokuwa mkali. Jirani yake Wilhelmina alikuwa akimchapa mwanawe kwa kukojoa kitandani. Selina akamwambia, choo chenu kiko nje, na kila jioni mnamtisha mtoto kwa fisi, sasa mnataka atoke kwenda kuliwa? Mwekee kopo chumbani na hao fisi wako waache. Kopo likawekwa, godoro likakauka. Na mtu akimletea ile methali ya samaki mkunje angali mbichi, alinuna kabisa. "Mimi nakaanga samaki kila siku ya Mungu," alisema. "Samaki aliyekunjwa haivi katikati."

Sheria yake ilikuwa moja. Alichosema mtoto kwenye karai hakirudi nyumbani. "Mimi si redio," alisema, na wazazi walizoea.

Sasa kulikuwa na Mashimba, karani wa bandarini, mtu mrefu, mpole, asiyependa kumwudhi hata mbuzi. Mkewe alifariki kwa maradhi akamwachia binti mmoja, Rose. Rose alipovunja ungo, baba wa watu alikuja kwa Selina akiangalia viatu vyake, hajui aanzie wapi. Selina alimfundisha Rose mambo ya kike yote, bila haraka. Kisha akamgeukia baba na kumpa maneno aliyopewa baba yake mwenyewe zamani: "Huyu sasa ni mwali. Kaa naye mbali. Usiingie chumbani kwake, usile naye sahani moja, na ukiwa na neno pitishia kwa mtu mwingine. Ndiyo heshima."

"Wabeja, mama," alisema Mashimba, akashukuru kwa mikono miwili, akaenda kutii. Watu wengi ukiwapa ushauri wanachukua nusu. Mashimba alichukua wote.

Mwaka uliofuata akarudi, safari hii amekunja uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alisema Rose siku hizi anarudi kutoka shuleni giza linaingia. Watu wamemwona akitoka kwenye nyumba ya Wahindi kule mjini, si mara moja, na wanasema kuna kijana wa dukani. "Nimeamua," alisema. "Jumapili nampeleka Magu kwa mama yangu. Akalime."

"Na shule? Mtoto yuko kidato cha pili."

"Shule ya nini, mama, kama ataniletea mimba?"

"Umemwuliza anakwenda kufanya nini?"

Mashimba alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue shati sokoni. "Nimwulize mimi?"

Selina hakulisikia jibu lile vizuri. Mawazo yake yalikuwa kwa huyo kijana wa dukani, na alishaanza kumtukana kimoyomoyo. Akasema tu, mtume mapanki.

Rose alikuja Jumamosi na bakuli lake. Msichana mwembamba, macho ya mama yake. Selina alimwita mke mwenzangu, akamwuliza mume wao hajambo, mtoto akatabasamu kidogo, akapewa kisu na beseni la vichwa. Mafuta yakachemka. Kichwa cha tatu au cha nne, mdomo ukafunguka.

"Bibi, kuna rafiki yangu mmoja."

"Enhe." Selina akajiandaa kumpokea yule kijana.

"Anaishi na baba yake tu. Baba yake hamtaki."

"Amejuaje?"

"Hali naye. Zamani mama yake alipokuwepo walikula wote, baba yake anammegea yale mafuta ya kichwa cha samaki. Siku hizi anachukua sahani anakula sebuleni, mlango kafunga, huyo rafiki yangu anakula jikoni. Akitaka chai anamwita mtoto wa jirani aje kumwambia, na wakati yeye yuko humo humo ndani. Anafikiri baba anamchukia kwa sababu amefanana na mama yake."

Selina aligeuza kipande ambacho hakikuhitaji kugeuzwa. "Na jioni huyo rafiki yako anakwenda wapi?"

"Kwa Riya, Mhindi wanayesoma darasa moja. Mama yake Riya anapika chapati na dengu. Hawali nyama wala samaki. Ila wanakaa wote mezani, na baba yao wanamsemesha anajibu. Rafiki yangu anakaa tu pale anawasikiliza."

Mkia ukaungua kwenye karai, Selina hakuuona. Aliona aibu, aibu yenye uchungu, maana kila neno lililofuatwa kwenye ile nyumba lilitoka kinywani mwake. Na wala halikuwa neno baya. Lilitengenezwa kwa ajili ya kaya yenye mama, bibi na mashangazi, ambamo baba akikaa mbali mtoto anabaki na watu wa kutosha. Kwa Mashimba, baba alipokaa mbali, hakubaki mtu.

Na hakuweza kwenda kumwambia baba kilichosemwa. Angefanya hivyo mara moja tu, na Rose asingefungua mdomo tena kwa mtu yeyote. Kilichokuwa chake, cha kwenda kuchukua, kilikuwa maneno yake mwenyewe.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Selina alijitwika sufuria la chakula alichopika mwenyewe akaenda kwa Mashimba. Begi la Rose lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba ya katani. Mashimba alikuwa amevaa shati la safari.

"Amesema nini, mama? Kijana ni nani?"

"Kijana hayupo. Zaidi ya hapo mimi si redio. Nimefuata kilicho changu. Mwaka jana nilikwambia ukae mbali na mtoto. Nilikosea, nayarudisha maneno yangu."

Mashimba aliduwaa. "Lakini hiyo ni mila yetu, mama. Baba hali na mwali."

"Mila ina watu wake. Bibi wa nyumba hii yuko wapi? Shangazi yuko wapi? Wewe umekaa mbali, aliyekaa karibu na mtoto ni nani, begi?"

"Watu watasemaje?"

"Si wameshaanza kusema?"

Selina akatandika mkeka, akaweka ugali sahani moja, na bakuli moja lenye kichwa cha sangara. "Mke mwenzangu, lete maji ya kunawa." Rose akaja, akamnawisha baba yake bila kuinua macho, akageuka kurudi jikoni. Selina akamshika upindo wa khanga. "Unakwenda wapi? Kaa ule."

Walikula kama wageni waliokutana kituo cha basi. Mashimba alichukua tonge dogo, akalishika muda mrefu. Halafu akakivunja kile kichwa, akatoa ule mnofu wa shavuni wenye mafuta, akauweka upande wa binti yake.

"Chumvi imekolea?" aliuliza.

Rose aligeuka kuangalia nyuma, kumtafuta mtoto wa jirani. Hapakuwa na mtu.

"Imezidi, baba."

"Ni kweli, imezidi," alisema Mashimba.

Selina alitaka kuitetea chumvi yake, akaiacha.

"Jioni huwa niko kwa Riya," Rose alisema, akiangalia bakuli. "Nasoma naye. Wanakula pamoja."

Mashimba alikuwa karani, si mjinga, akaielewa hesabu yote kwa mara moja, na machozi yakamtoka mbele ya mwali wake. "Siku moja mlete naye ale hapa," alisema.

"Hawali samaki, baba."

"Basi tutapika maharage." Akalisukuma begi ndani kwa mguu, mkono mmoja bado una ugali.

Selina akafunika sufuria lake akaondoka, hawakumwona. Njiani alilia kidogo kwa furaha. Kisha akakumbuka ile chumvi, akakasirika mpaka nyumbani.