Bonareri na Wageni Waliopotea

Katika soko la Keumbu, Bonareri anajulikana kwa mambo mawili: ndizi zake haziivishwi kwa dawa, na yeye huwapata wazee waliopotea. La kwanza humletea wateja. La pili huwafanya wateja haohao waondoke wakigeuka nyuma kumtazama.

"Mbona kila mara ni yeye?" huulizana. Wapo wanaosema analipwa na Wazungu. Wapo wanaosema huwaficha wazee kwanza ndipo awapate. Na wapo wasiosema kitu, ila wakipokea mfuko kutoka kwake huushika kwa ncha za vidole.

Kikundi chake hakina gari wala king'ora. Ni wanawake wachache wa kanisa na vijana wa boda boda, wote wa kujitolea, na huzunguka kuanzia Keumbu hadi vilima vya Manga. Kilianza baada ya mama mkwe wake, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu, kutoka nyumbani asubuhi na kurudishwa jioni uso umevimba. Hakuna aliyesema nani alimpiga. Huku kwetu, mzee asiyejijua akikutwa nyuma ya nyumba ya watu, huitwa mchawi kabla ya kuulizwa jina lake. Tangu siku hiyo, jirani yeyote wa upande aliokutwa mama huyo akimsalimu Bonareri, Bonareri hutazama mikono ya jirani huyo kwanza.

Ndiyo maana kikundi hiki hakipigi mayowe. Mayowe huleta watu wenye mapanga, na mtu aliyekimbia kupanda kilima na panga hapendi kurudi bure. Badala yake vijana hupita nyumba kwa nyumba na pikipiki wakisema: "Tuna mgeni anapita huku, mama mzee. Akifika kwenu mpeni kiti, mtupigie simu." Mtu aliyeambiwa kwamba mgeni anakuja hutafuta kiti.

Sabato moja mwaka jana, watu wakitoka kanisani, kijana mmoja wa Manga anayeitwa Machogu alifika kwa Bonareri pamoja na mkewe, Joyline. Mama yake Machogu, Mokeira, alikuwa amepotea.

"Alitoka saa ngapi?" Bonareri aliuliza.

"Asubuhi."

"Asubuhi ya kukamua ng'ombe au asubuhi ya kwenda kanisani?"

Machogu alimtazama mkewe. "Hiyo ya kukamua."

"Na mnakuja sasa."

"Tulidhani yuko kwa jirani."

"Mlimuuliza jirani?"

Joyline alikaza leso kiunoni, ingawa haikuwa imelegea.

"Amevaa nini?"

"Sweta ya kijani," alisema Machogu. "Shali," alisema Joyline, wakati huohuo.

"Na viatu?"

"Viko nyumbani," Joyline alisema polepole. "Viko sebuleni. Lakini yeye hakuwa..."

"Mama, tumekuja kutafutiwa mtu," Machogu alimkatiza. "Hatukuja kushtakiwa."

Bonareri alitoka nje kumwita Onyiego, mwendesha boda boda aliyekuwa wa kwanza kujiunga na kikundi. "Anza na mtoni," alimwambia kwa sauti ya chini. "Huyu kijana sijamwelewa."

"Mathe, wewe hata mchungaji aliyekufungisha ndoa hukumwelewa."

"Na nilikosea?"

Onyiego alicheka, akawasha pikipiki, akateremka. Bonareri alikataa kupanda pikipiki nyingine yoyote ila ya Machogu; Joyline akabaki na wanawake wa kikundi. Alikaa nyuma yake, karibu kiasi cha kumsikia akipumua.

Huko nyumbani alitaka kuona mahali mama anapolala. Kilikuwa chumba cha ghala nyuma ya jiko. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, kikombe ni safi. Dirisha dogo lilikuwa limeng'olewa mbao. Mlangoni, kwa nje, palining'inia kufuli.

"Hiyo ni ya kuzuia kuku," Machogu alisema.

"Kuku wenu hufungua milango?"

Tangu hapo Bonareri hakumpa mgongo.

Walianza kuuliza kwa majirani, na hapo ndipo mashaka yake yalipozidi. "Mokeira?" alishangaa mama mmoja aliyekuwa akianua nguo. "Si alienda Nairobi kwa binti yake? Tangu msimu wa mahindi!" Nyumba ya pili walijibu vivyo hivyo. Nyumba ya tatu waliuliza kama amerudi, na kama binti amejifungua salama.

Bonareri alimtazama Machogu, na Machogu akatazama migomba. Mtu ambaye kijiji kizima kimeshaambiwa kwamba hayupo, nani atamtafuta? Angeweza kulala mtoni hata mwaka mzima, na watu wakaendelea kumtumia salamu Nairobi. Mama huyu alikuwa amekwisha kuondolewa, aliwaza, na kilichokuwa kimebaki ni mwili wake tu kufuata.

Simu ikalia. Ilikuwa ni Onyiego, akiwa mteremko wa ng'ambo ya mto. "Mathe, mgeni amefika kwa Ogeto. Lakini hawajampa kiti. Njoo haraka."

Ua wa Ogeto ulikuwa umejaa watu. Mokeira alikuwa ameketishwa chini, ameegemea ukuta wa jiko, miguu imejaa matope, shali imeanguka begani. Mapajani alikuwa na majani mabichi, akiyapanga moja moja huku akiimba kwa midomo iliyofungwa. Kijana mmoja alikuwa ameshika jiwe, akilipitisha kutoka mkono huu hadi ule. Onyiego alikuwa amesimama kati yao, amepanua mabega.

"Nimemkuta nyuma ya nyumba ninayolala," Ogeto alisema kabla hajaulizwa. "Ameinama, anachuma majani, anaongea peke yake. Dawa hiyo ni ya nani?"

"Ni chinsaga, mzee Ogeto," Bonareri alisema. "Mboga chungu, hata wewe ulikula jana. Mama anachuma mboga."

"Kwangu? Za kumpikia nani?"

"Na leo pia atasema ni mama yake!" alidakia kijana mwenye jiwe. "Bonareri, kwani una mama wangapi?"

Watu walicheka, kicheko kibaya. Kweli alikuwa amesema hivyo, mara mbili, kwenye vilima vingine, na wazee wawili walirudi kwao wazima. Sasa maneno hayo yalikuwa yamechakaa. Aligeuka.

Machogu alikuwa amesimama nyuma ya pikipiki, kofia ya chuma bado kichwani, kioo kimeshushwa usoni. Watu wa mteremko huu hawakumjua. Akinyamaza tu, angeweza kurudi nyumbani, na mama yake akabaki Nairobi milele.

"Anayemjua aseme," alisema Ogeto. "Kama hakuna, niwaachie hawa vijana."

Bonareri hakumnyooshea kidole. Alisogea akasimama karibu na Onyiego, akasubiri, bila kutumaini sana.

Kofia ilivuliwa taratibu.

"Ni mama yangu."

"Sauti!" walidai watu.

"Ni mama yangu mzazi! Mimi ni Machogu wa Manga. Anasahau. Nilimfungia ndani nikasema yuko Nairobi, kwa sababu niliwaogopa. Niliogopa hiki hiki mnachofanya."

"Kama ni mboga," Ogeto alisema, "kula."

Kula kutoka mkononi mwa mtu kama huyo, kila mmoja pale alijua maana yake: ukila cha mchawi, utakufa au utakuwa mchawi pia. Machogu alipiga magoti. "Baba," alimwita, kama Wagusii wanavyomwita mama. Alichukua majani mapajani mwake, konzi nzima, akatia kinywani, akatafuna. Uchungu ulimtoa machozi, lakini aliendelea hadi akameza.

Mokeira aliacha kuimba. Alimpiga kofi dogo mkononi. "Nani amekufundisha kula mboga mbichi kama mbuzi? Toka hapo, ngoja nipike."

Mke wa Ogeto ndiye aliyecheka kwanza, halafu wengine. Kijana aliliachia jiwe, likaanguka karibu na mguu wake, mahali angeweza kuliokota tena.

Walipokuwa wakimpakia Mokeira kwenye pikipiki ya Machogu, katikati ya mwanawe na Onyiego, Bonareri alimwona mke wa Ogeto, yule yule aliyecheka, yuko nyuma ya nyumba na jembe, aking'oa mstari mzima wa chinsaga aliouchuma Mokeira. Machogu pia alimwona. Alimpungia mkono.

Kisha akaondoka polepole, kioo cha kofia kikiwa juu, na katika kila ua waliopita alipaza sauti: "Ni mama! Yuko nyumbani, hakwenda Nairobi. Anasahau njia." Bonareri alifuata kwa miguu, akitazama nani anajibu salamu na nani anafunga mlango.