Aliyesimama Katikati ya Mashindano

Tangu nijifungue sikuwa nimepanda pikipiki ya mume wangu, naogopa, na yeye kazi yake ni kubeba abiria hapa Kabondo. Basi Jumapili shemeji alipomvalisha ile miwani mikubwa ya mchezo wa mbio za magari, akamkalisha mbele ya usukani uliofungwa kwenye meza ya pasi, nikasema leo nitaona anavyoendesha nisipokuwepo.

Sote tulifuata kwenye televisheni. Akaondoka kwa kishindo, kila kona analala nayo na kiti chake cha plastiki, akawapita wote, mimi na mtoto kifuani, roho mkononi. Mara akapunguza mwendo, akageuza shingo kando ya njia, kwenye watazamaji wa kuchorwa wanaopunga mikono, akamuuliza mmoja:

“Mama, unaenda wapi?”

“Yaya, fonsa, kanyaga mafuta,” shemeji alimwambia kaka yake, akicheka mpaka machozi. “Bale haiko ma-client.”

“Wananisimamisha, alors niwapite tu?”

Magari yote yakampita, akamaliza wa mwisho. Wenzangu mnaochagua dereva, msimuulize mbio zake, mtazameni anapopungiwa mkono. Jumatatu nilimfunga mtoto mgongoni, nikasimama kando ya barabara, nikampungia mkono.