Abiria na Maji ya Kwenye Kalenda

Kila siku saa kumi jioni, mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya kitambaa alitoka kwenye kibanda chake akivuta sanduku zito. Alipita mbele ya kinyozi, akazunguka posta, akashuka ngazi zake kumi na moja, akazipanda tena, halafu akarudi alikotoka. Mgeni wa mtaa angeapa kwamba huyo mzee kaachwa na basi. Wenyeji walishazoea. Alikuwa fundi wa masanduku, na ndani ya sanduku hamkuwa na nguo hata moja, ni mifuko miwili ya mchanga tu. Sanduku lolote alilolishona au kulibadilisha magurudumu lazima alizungushe hivyo kabla mwenyewe hajaja kulichukua. Alikuwa akisema gurudumu likizunguka vizuri mezani bado halijasema kitu, lisubiri ngazi.

Na mtaa ule ulivyokuwa na mdomo, ukampa jina: Abiria. Miaka thelathini na minane anavuta masanduku ya watu, na yeye mwenyewe hajawahi kwenda popote kutembea.

Siyo kwamba hajapanda basi. Alipanda kwenda kumzika baba yake, alipanda kumpeleka mwanawe hospitali kubwa, alipanda kwenda kumuoza dada yake wa mwisho. Kwao safari ilikuwa na sababu hizo tatu tu. Mtu akitoka nje ya hapo, watu wanaulizana amefukuzwa na nani.

Sasa mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mpaka uzi ulipoanza kumkataa. Anaupeleka kwenye tundu la sindano, unapita pembeni. Wakaenda kwa daktari wa macho. Daktari akawaambia ni presha ya macho, imeshakula pembeni kote, dawa itachelewesha tu. Kwa mwaka mmoja hivi bado ataona vizuri mbele. Baada ya hapo hakutaka kuwadanganya.

Nyumbani, mkewe alivua viatu, akakaa, akanyoosha kidole ukutani kwenye kalenda iliyopitwa na wakati miaka tisa, ambayo hakuna aliyewahi kuthubutu kuitoa. Ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji, maji meupe yanaanguka kama ukuta uliomwagwa. Kutoka pale ni saa saba kwa basi.

"Nataka kuyaona hayo kabla macho hayajafunga duka," akasema.

"Kuna nani kule?"

"Hakuna mtu, baba watoto. Kuna maji."

Abiria akajibu wataangalia. Hakuwa bahili, na mkewe alijua hivyo. Kilichomshinda ni sababu. Alijaribu kujiona anamuaga jirani: naenda kuona maji. Ulimi ukamkwama kabla hajafika mlangoni.

Kibandani alikuwa na mkebe wa biskuti. Ukitoa bitana ya sanduku kuukuu, chini yake hukosi kitu kilichojificha, na vitu vya wenyewe wasiorudi alivitunza mkebeni. Asubuhi iliyofuata akaumwaga wote mezani. Alitaka kujua watu wote hawa walikuwa wanafuata nini huko.

Kile cha zamani kuliko vyote alikirithi kwa mzee aliyemfundisha kazi, kilitoka kwenye sanduku la bati: kitambaa chekundu chenye fundo. Mzee alimwambia ni cha mwanamke aliyeweka nadhiri apate mtoto, akasafiri siku arobaini kwenda mahali patakatifu, nyingine kwa lori, nyingi kwa miguu. Watu wa wakati ule, mzee alisema, hawakuuliza kama mahali ni pazuri. Waliuliza kama watasikilizwa. Abiria alilijaribu lile fundo kwa kucha. Siku arobaini. Na fundo bado limekaza.

Kikafuata kichupa cha dawa ya kifua na cheti cha daktari: mgonjwa akae mlimani miezi mitatu abadilishe hewa. Wenye uwezo walipelekwa hivyo. Walifika wanakohoa, wakawekwa kwenye viti barazani, na kwa kuwa hawakuwa na kazi wakaanza kuangalia bonde. Mwaka uliofuata wengine walirudi wamepona kabisa, kifua safi, wanadai bado wanahitaji hewa. Hapo Abiria alicheka peke yake. Kumbe raha iliingia kwa mlango wa ugonjwa!

Kulikuwa na kadi ya picha ya ziwa, kutoka enzi za masanduku ya ngozi, makarani na walimu walipoanza kupewa likizo. Likizo ilikuwa ya kwenda kusalimia wazazi. Lakini nyuma ya ile kadi, ambayo haikutumwa, mtu aliandika: usimwambie mama kwamba tulilala hapa siku mbili. Abiria aliisoma mara tatu. Mtu mzima, mwalimu labda, anaficha ziwa kama mtoto anavyoficha sukari mdomoni.

Halafu magurudumu yakaja, na vitu vikawa vingi: ua kavu la fungate, mchanga, vipande vya tiketi. Watu hawakuficha tena. Siku hizi mabegi yalikuja na mfuko maalumu wa kamera, na wengine walimwambia wazi kwamba wanaenda kupiga picha ili waonekane walikwenda.

Akiwa bado anashangaa juu ya meza yake, akaingia msichana anayefanya kazi benki, kuchukua begi lake. Abiria akamuuliza anaenda kufanya nini huko safarini. Msichana akasema anaenda kukaa siku tatu peke yake, simu imezimwa, asikie kichwa chake mwenyewe.

"Si unacho hapo shingoni?"

Akacheka, akainama kujaribu zipu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa: "Na wewe baba, ungeenda wapi?"

Miaka thelathini na minane. Watu walimuuliza bei, walimuuliza lini itakuwa tayari. Hilo hakuna aliyewahi. Akafungua mdomo, akashangaa kilichotoka.

"Mke wangu anataka kuona maji."

Msichana hakucheka. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza wanaondoka lini.

Siku nne baadaye, asubuhi mapema, Abiria alipita kwa kinyozi akivuta sanduku la mteja ambaye hakulirudia miaka mingi. Nyuma yake mkewe, kavaa gauni la kuendea harusi za watu. Kinyozi akamtania, leo mchanga kilo ngapi.

"Leo nguo," akasema Abiria.

Kinyozi alibaki na wembe hewani, mteja kanyolewa upande mmoja.

Lakini mazoea yana mkono mrefu. Kwenye nyumba ya wageni, dada wa mapokezi alipowakaribisha, Abiria alifungua sanduku palepale akamtolea sukari kilo mbili, majani ya chai na miche miwili ya sabuni. Maisha yake yote hajaingia kwa watu kulala mikono mitupu, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa hakuna mwenyeji wa kuletewa zawadi. Mkewe akajifunika uso kwa mtandio. Yule dada aliangalia sabuni, akawaangalia wao, akapokea kwa mikono miwili kama mkwe. Fomu yao ilikuwa na mstari wa sababu ya safari. Abiria akauacha mtupu, akamwambia mkewe wataangalia maji asubuhi na mchana wapande basi. Kazi inasubiri.

Asubuhi wakateremka njia ya mawe, Abiria amemshika mkewe mkono, kwa kuwa pembeni haoni. Maji waliyasikia kabla ya kuyaona. Kwanza masikioni, halafu kwenye nyayo. Njia ikakata kona.

Abiria alivua kofia. Hakujua ameivua. Ile picha ya kalenda ilikuwa imewadanganya miaka tisa, ilitosha ukutani. Maji haya yasingetosha popote. Mto mzima ulikuwa unafika ukingoni na kuanguka, unaanguka, na bado unakuja, hakuna wa kuufunga. Manyunyu yakawalowesha nyuso. Akamfikiria mwanamke wa siku arobaini, wagonjwa barazani, mwalimu mwenye siri yake. Akahisi kama wote wamesimama pale ukingoni pamoja nao.

Akamgeukia mkewe. Mama alikuwa amefunga macho. Akafungua, akatazama sana, akafunga tena.

"Mama, vipi? Yanauma?"

"Hapana. Nafanya kama wewe na ngazi zako. Natazama kama picha imekaa kichwani."

Abiria naye akafumba. Akaona weupe, akasikia ngurumo, lakini pale juu, mto unapopinda kabla ya kuanguka, palimtoroka. Akafumbua. Akafumba tena.

"Yangu bado haijakaa," akasema. "Kesho tuje tena."