Kisima Kinachofanya Kazi kwenye Ramani

Halmashauri yetu ilipotangaza kwamba takwimu zake sasa ziko wazi kwa kila mwananchi, nilikuwa wa kwanza kufurahi na, nadhani, wa mwisho. Tovuti ilipambwa kwa picha ya mtoto anayecheka bombani. Chini ya picha walieleza kwamba anayejua kompyuta anaweza kutumia API, yaani dirisha ambalo programu yako inauliza na kompyuta yao inajibu, bila karani kukaa katikati. Ila kabla ya kuuliza lazima uwe na ufunguo, na ufunguo unaombwa ofisini, ana kwa ana, ukiwa na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kata. Nilipofika nilimkuta karani amekaa katikati kama kawaida yake.

Nilikuwa na sababu ya kuvumilia. Mama yangu anaishi kijijini, ukingoni mwa uwanda wa Ufipa, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Mtowisa. Kwenye simu aliniambia kila kitu kinaendelea vizuri. Nilipokwenda Pasaka nikakuta pampu ya mkono iliyo karibu na nyumba yake imekufa. Unausukuma mpini mpaka unatoka jasho, na hilo jasho ndiyo maji pekee unayopata. Mama, na nyonga yake inayomsumbua, alikuwa anashuka mtoni na ndoo. Niliporudi mjini nilikwenda kwa mafundi wa maji, nikajibiwa kwa upole wote kwamba siku hizi hawatengenezi visima kwa maneno ya watu. Wanakwenda na takwimu, na takwimu hazioneshi kisima kibovu kijijini kwetu.

Nikasema haya, tuzifuate hizo takwimu. Ufunguo ulipopatikana nikakaa Sumbawanga na kompyuta yangu, nikauliza kuhusu visima vyote vya halmashauri, na majibu yakaja kwa utii wa ajabu. Nikayaweka kwenye ramani: kijani kwa kisima kizima, nyekundu kwa kibovu. Uwanda mzima ukawa kijani. Kisima cha mama kilikuwa kijani kuliko vyote, kwa jinsi nilivyokasirika. Palikuwa na kijiji kimoja tu chenye rangi nyekundu, chini kabisa bondeni, na maelezo yake yalijaa shida: mpini umekatika, maji yana chumvi, ng'ombe wanachafua.

Visima vyote vilikaguliwa na afisa mmoja. Nilimtafuta, nikamkuta kijana mchangamfu asiye na hila yoyote. Nikamuuliza kulikoni bondeni.

"Aa, kule? Pikipiki ilinikatikia mnyororo, nikalala kwa watu," alisema. "Wakanipikia wali, tukala. Baada ya kula ndiyo wakaanza. Wale watu wanalalamika, we acha tu!"

"Na huku juu?"

"Huku juu watu ni waelewa sana. Nilikuwa hata sishuki kwenye pikipiki."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kwetu mgeni hapokelewi kwa mabaya. Akifika anaambiwa nyumbani wazima, shamba zima, na kisima nacho kizima. Akikaa, akiletewa chochote, akala, ndipo mwenyeji anasema "ila", na baada ya hiyo "ila" ndiyo mambo yenyewe yanakuja. Afisa wetu alikuwa na vijiji vingi na muda mdogo. Aliuliza, akapata jibu la kwanza, akabonyeza kishikwambi chake, akatia moto pikipiki. Kwa hiyo halmashauri ilikuwa na hazina kubwa ya salamu za watu wa Ufipa, zimepangwa vizuri, na mtu yeyote duniani anaweza kuzipata kwa API.

Nikatuma taarifa ya kusahihisha. Mtambo ukanijibu kwamba taarifa itahakikiwa na afisa kwa kutembelea eneo husika, naye akawa yule yule. Nikaomba twende wote. Kabla ya kuondoka nikampigia mama, nikamsihi akiulizwa tu aseme kibovu.

"Mtu hata hajakaa nimpigie kelele?" akasema. "Ataniona sikulelewa."

"Mama, usipomwambia hawatengenezi."

"Nitamwambia. Mlete tu."

Tukafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibuni sana."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Na kisima, mama, kinaendeleaje?"

"Vizuri, tunamshukuru Mungu."

Kidole cha afisa kikaelekea kwenye kishikwambi. Nikauchomoa ufunguo wa pikipiki, nikautia mfukoni, nikamwambia chakula kiko tayari. Akaniangalia kama mwizi, lakini akashuka. Mama alikuwa amesonga ugali wa ulezi, mweusi, wa moto, na maharage. Alimnawisha mikono kwa maji kidogo sana. Afisa alipomega tonge la mwisho na kusema ahsante, mama akasogeza kigoda chake.

"Ila, baba," akaanza, "hiyo pampu ilishakufa zamani."

Akaeleza yote, na afisa akaandika mpaka kidole kikachoka. Jioni hiyo hiyo kisima cha mama kikawa chekundu kwenye ramani, nikashangilia kama mwehu. Mafundi walikuja kabla ya mvua, na pampu inatoa maji mpaka leo.

Lakini siku ile mama hakuishia kwenye pampu. Mgeni alikuwa ameshiba, naye alikuwa na mengi. Akamweleza jinsi alivyoteleza njia ya mtoni na ndoo kichwani, akalala pale kwenye tope bila kuweza kuinuka, mpaka majirani waliokuwa wanatoka shambani wakamkuta na kumbeba. Alisimulia kwa sauti ya kawaida, akiwa amemgeukia afisa. Mimi ndiyo kwanza nasikia.

"Mama, mbona hukuniambia? Si nakupigia kila Jumapili?"

"Unapiga, mwanangu, nashukuru," akasema. "Unaniuliza habari, nakujibu nzuri, unasema haya basi, tutaongea."

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni. Mama akaninawisha mikono, nikakaa chini, nikala.